Mganga, Mgonjwa na Amri katika Nchi ya Katavi

Wasikilizaji wetu, jioni hii twapenda kuwachukua mpaka magharibi ya nchi yetu, kule ambako reli iachayo njia kuu Kaliua yafika Mpanda na kukoma, na mwenye kutaka kuendelea mpaka Ziwa Tanganyika hana budi kushika barabara. Ni nchi ya Wapimbwe, Wakonongo, Wabende, Warungwa na jamaa zao. Tangu mwaka 2012 nchi hiyo ni mkoa wenye jina lake wenyewe, Katavi, baada ya kukatwa katika Mkoa wa Rukwa. Wengi wakilisikia jina hilo hukumbuka viboko wa mto Katuma na makundi ya nyati. Sisi leo hatuna habari za wanyama, isipokuwa mdudu mmoja mdogo, naye ni mbung'o. Na habari zake zitafuata mahali pake.

Swali letu ni hili: katika nchi hiyo, tangu zamani mpaka sasa, ni nani aliyekuwa na haki ya kutibu watu, na mgonjwa alitakiwa kutoa nini apate tiba? Msikilizaji atajibu upesi kwamba mgonjwa hutoa fedha, na asipokuwa na fedha hutoa kuku. Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu tu. Tukizifuata habari za nchi ya Katavi kwa utaratibu twaona ya kuwa mara nyingi bei ya dawa ilikuwa kuhama. Aliyetaka kutibiwa na Serikali aliambiwa kwanza mahali pa kukaa.

Tuanze na wazee. Mganga wa zamani hakuwa na cheti cha karatasi. Cheti chake kilikuwa watu: baba au mjomba aliyemfunza mizizi na majani, na wagonjwa waliopona wakalitangaza jina lake njiani na sokoni. Malipo nayo yalikuwa na kanuni. Katika makabila mengi ya magharibi mganga alipewa kwanza kitu kidogo, ndicho kifungua mkoba, kisha malipo yenyewe yalingoja mgonjwa asimame kwa miguu yake. Mgonjwa akifa, mganga alifunga mkoba wake akaenda zake. Sisi walimu tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba sheria ni kitu kilichoandikwa kitabuni. Lakini huu ulikuwa mkataba kamili, nao ulimlinda mgonjwa maskini kuliko mikataba mingine ya siku hizi. Hatusemi ya kuwa waganga wote walikuwa wema, wala ya kuwa dawa zao zote zilifaa. Twasema tu ya kuwa haki na wajibu vilijulikana kabla dawa haijachemka.

Na juu ya waganga walikuwako pepo wa nchi. Jina la Katavi lenyewe ni la pepo, ambaye watu walimwekea sadaka chini ya mkwaju karibu na ziwa lenye jina hilo hilo. Kwa hiyo uzima wa watu ulikuwa umefungamana na mahali: mti huu, ziwa hili, kaburi la mzazi huyu. Tafadhali msikilizaji akumbuke jambo hilo, maana litatufaa tutakapofika kwenye habari za malale.

Sasa twende Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga ngome mahali hapo kwa amri ya chama alichokianzisha Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1885 ngome ile ilikabidhiwa Mapadri Weupe, wakaigeuza misioni. Na mwaka 1889 aliingia Karema kijana mmoja mweusi, jina lake Adrien Atiman, amechukua vyombo vya uganga.

Habari za mtu huyu zastahili kusimuliwa polepole. Alizaliwa karibu na mwaka 1866 katika nchi ya mto Niger, upande wa Timbuktu. Akiwa mtoto alikamatwa na Watuareg, akachukuliwa utumwani kuvuka jangwa la Sahara, na huko Algeria Mapadri Weupe wakamkomboa kwa fedha. Kardinali Lavigerie, aliyeliunda shirika la mapadri hao, alikuwa na shauri ambalo siku zile lilikuwa jipya: kwa kuwa Wazungu walikuwa wakifa kwa homa barani Afrika, afadhali wafundishwe vijana wa Kiafrika elimu ya uganga pamoja na ya dini, kisha wapelekwe bara kuwa waganga na makatekista. Mwaka 1881 vijana walipelekwa kisiwa cha Malta, na Atiman mmoja wao. Akasoma uganga katika Chuo Kikuu cha Malta mpaka mwaka 1888, ndipo akasafiri kuja Afrika ya Mashariki, akapita bara mpaka ziwani.

Akaoa hapo Karema, akazaa. Mwanawe Yosefu alipata upadre mwaka 1923. Yeye mwenyewe hakutoka tena. Alitibu vidonda, homa, macho, mifupa iliyovunjika na wanawake wenye uchungu, mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabuni, wasikilizaji: ni miaka 67 ya uganga mahali pamoja. Mwaka 1946 habari za maisha yake, kwa maneno yake mwenyewe, zilichapwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, nasi twawasihi walimu wenzetu wazitafute, maana watoto wetu wanaweza kulitaja jina la Livingstone usingizini, lakini jina la Atiman hawalijui.

Lakini leo twamtaja Atiman kwa sababu ya sheria. Alipofika Karema mwaka 1889 hakuna aliyemwuliza: Cheti chako ki wapi? Hapakuwa na wa kuuliza. Wadachi walikuwa hawajafika huko, na Waingereza hawakuja kutawala mpaka baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Walipokuja, wakaleta desturi ya kwao ya kuandika majina ya madaktari katika daftari, kwamba aliyeandikwa ndiye daktari na asiyeandikwa si daktari. Wakati huo Atiman alikuwa amekwisha tibu watu miaka 30.

Desturi ile ya daftari ina maana njema, wala hatuidharau. Yamlinda mgonjwa na mdanganyifu. Ila daftari lilitungwa kwa ajili ya vyuo vya Ulaya, na kwa watu wa nchi hii sheria ya madaktari iliacha mlango mmoja wa pembeni. Ilisema ya kuwa haimkatazi mtu kutibu kwa njia za kienyeji, maadamu watu wa jamii yake wanamkiri kuwa amefunzwa kazi hiyo. Lakini atibu katika jamii yake tu, wala asifanye jambo la kuhatarisha uhai. Lifikirini neno hilo. Mganga wa Kikonongo aliyejua dawa ya nyoka kuliko mtu yeyote, ujuzi wake kwa mujibu wa sheria ulikoma mpakani mwa Ukonongo. Nyoka, kwa bahati mbaya, hakusomewa sheria hiyo.

Na Atiman je? Hakuwa mwenyeji, maana alizaliwa maelfu ya maili kutoka Karema. Dawa zake hazikuwa za kienyeji, maana alizisoma Malta. Wala hakuwa Mzungu. Nyumba ya sheria ilikuwa na vyumba viwili, naye hakuenea katika chumba hata kimoja. Aliendelea na kazi yake chini ya kivuli cha misioni, na watu waliendelea kumjia, kwa sababu wao walimpima kwa kipimo cha zamani: wagonjwa waliopona.

Vijana wa Kiafrika waliomfuata nao waliwekwa katika ngazi za chini. Mwaka 1926 Serikali, kwa shauri la Bwana Mganga Mkuu, Dakta Shircore, ilianza kuwafundisha madresa wa wenyeji, vijana wa kabila lile lile walilotumwa kulihudumia, wakilipwa kutoka hazina za watemi. Dresa alisafisha vidonda, akatoa kwinini, na katika nchi nyingi akawa mtu mkubwa kwa ajili ya sindano ya buba. Buba huharibu ngozi na mifupa, na mgonjwa aliyekuwa amejificha nyumbani kwa aibu miaka mingi alichomwa sindano chache akarudi ngomani. Hapo ndipo sindano ilipopata sifa ambayo haijaipoteza hata leo, kwamba mgonjwa akipewa vidonge peke yake hujiona ameonewa. Hata hivyo dresa alikuwa dresa. Na hata vijana waliokwenda Makerere, Uganda, wakasoma udaktari kwa miaka mingi, walingoja mpaka miaka ya 1950 ndipo elimu yao ikakubaliwa sawasawa na ya Uingereza. Siku ya uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, madaktari Waafrika walioandikwa katika daftari la Tanganyika walihesabiwa 12 tu.

Zaidi ya hayo mwaka 1928 ilitungwa Sheria ya Uchawi. Sheria hiyo iliwaadhibu waliojidai kuwa na nguvu za uchawi na waliowatuhumu wengine. Kusudi lake lilikuwa kuzuia ukatili, nao ulikuwako. Lakini mzee mwenye mkoba, ambaye asubuhi alitoa mizizi ya tumbo na jioni akatazama ramli, alijikuta nusu ya kazi yake imeachwa huru na nusu imekatazwa, wala yeye hakujua mpaka uko wapi.

Sasa tumefika kwa mbung'o.

Ugonjwa wa malale huletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho, kinachochukuliwa na mbung'o kutoka kwa mnyama au mtu na kutiwa katika damu ya mtu mwingine. Ziko aina mbili za malale. Aina ya upande wa magharibi ya Afrika humwua mtu polepole, pengine kwa miaka. Aina ya pili, ambayo wataalamu waliitambua mwaka 1910 katika damu ya mgonjwa aliyeambukizwa huko Rhodesia, huua upesi, kwa miezi au hata kwa majuma. Hii ya pili ndiyo iliyogunduliwa Maswa mwaka 1922, na baada ya hapo ikaonekana mahali pengi pa magharibi ya Tanganyika, katika misitu ya miombo, ambako mbung'o ni wengi na watu walikuwa wachache na wametawanyika.

Yafaa tukumbuke ya kuwa hapo kwanza tiba za malale zilikuwa za kutisha. Mwaka 1906 na 1907 Profesa Robert Koch, bingwa mashuhuri wa Kidachi, alikuwa katika visiwa vya Sese, Uganda, akiwatibu wagonjwa kwa dawa iitwayo atoksili, ambayo ndani yake mna sumu ya aseniki. Wengine walipata nafuu kwa muda. Lakini alipozidisha kiasi cha dawa, baadhi ya wagonjwa walipofuka macho, wasione tena mpaka kufa kwao. Walikuja kutafuta uzima. Kama waliambiwa hatari hiyo kabla ya kuchomwa sindano, mbona hatusikii popote sauti zao wakikubali? Siku hizi sheria za nchi nyingi zadai ya kuwa mgonjwa aelezwe, akubali kwa hiari yake ndipo ajaribiwe dawa. Kanuni hiyo imeandikwa juu ya macho ya watu kama wale wa Sese.

Baadaye zilipatikana dawa bora kidogo, lakini Serikali ya Tanganyika iliona ya kuwa dawa peke yake haitoshi katika nchi pana kama hii. Dakta George Maclean, aliyekuwa mkuu wa kazi ya malale, alishika neno moja: mtu akae mbali na mbung'o. Mbung'o wa miombo hapendi mahali peupe palipofyekwa. Familia moja haiwezi kufyeka vya kutosha. Kijiji kidogo hakiwezi. Lakini familia elfu moja zikikaa pamoja na kulima pamoja zaweza kushinda pori na kulisukuma nyuma. Kwa hiyo watu waliotawanyika wakusanywe katika makao makubwa, na nchi iliyobaki iachwe.

Kwa akili ya daktari shauri hilo lilikuwa zuri, na katika makao mengi ugonjwa ulipungua kweli kweli. Lakini mtu hahami kwa kuwa daktari ana akili. Hapo ndipo sheria ilipoitwa. Sheria ya Utawala wa Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa watemi uwezo wa kutoa amri kwa watu wao katika mambo mengi, na miongoni mwake kuzuia magonjwa. Ona basi jinsi jambo lilivyopangwa. Bwana Mganga alitoa shauri, Bwana Shauri akalikubali, lakini amri ilitoka kinywani mwa mtemi; na aliyekataa kuhama alisimama mbele ya baraza la mtemi wake mwenyewe, wala si mbele ya Mzungu. Mwenye kushtaki, mwenye kuhukumu na mwenye kuhamishwa wote walikuwa jamaa. Katika nchi ya Wakonongo na Wapimbwe watu wakafunga mizigo.

Tusimame kidogo hapa, maana jambo hili ni zito, na vitabu vya uganga hulipita kwa mistari miwili. Mkonongo hakukaa porini kwa ujinga. Alitundika mizinga yake katika miti anayoijua, na asali ndiyo fedha yake. Mpimbwe alivua samaki mtoni na kuwinda mbugani. Walilima mashamba madogo, udongo ukichoka wakasogea. Katika makao mapya kila mtu alipewa mahali pake na kuambiwa afyeke. Asali ilibaki nyuma, na samaki na mawindo nayo pia. Makaburi yalibaki nyuma, na miti ya matambiko. Kwa upande wa pili alipata barabara, dispensari na dresa wake, na watoto wake wakaepuka kufa usingizini. Je, alipata faida au hasara? Sisi hatuwezi kumjibia. Twaona tu ya kuwa wengi walirudi porini, wengine kwa ruhusa na wengine kwa kujificha, kutafuta asali na samaki. Nao wakikutana huko na mbung'o wakaugua, walihesabiwa kuwa wakaidi.

Na liko neno jingine ambalo wachache walilifikiri siku zile. Nchi iliyoachwa haikukaa ikingoja wenyewe warudi. Miti ikafunga, wanyama wakaongezeka, na mbung'o wakafuata wanyama. Pori la watu likawa pori la Serikali. Mwaka 1974 Katavi ikafanywa hifadhi ya taifa, na baadaye ikapanuliwa. Hivyo mjukuu wa mtu aliyehamishwa ili apone akienda leo kuzuru kaburi lililomo ndani ya mpaka wa hifadhi pasipo ruhusa, ni mvunja sheria. Amri ya dawa ilikuwa ya muda, lakini matokeo yake hayakuwa ya muda.

Tupite upesi kwenye machimbo. Baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi na madini mengine karibu na Mpanda, na kwa ajili hiyo reli kutoka Kaliua ikajengwa, ikafunguliwa mwaka 1950. Tangu mwaka 1923 sheria ya mabwana na watumishi ilimtaka tajiri amtunze mfanyakazi wake akiugua; na mwishoni mwa miaka ya 1940 ikaja sheria ya fidia, kwamba aliyeumia kazini alipwe kwa kadiri ya kiungo alichopoteza. Ilikuwa hatua kubwa. Kidole kilichokatwa huonekana na kila mtu, na karani aweza kukiandika. Vumbi la mawe lililoingia kifuani halionekani. Hukaa miaka, na likianza kumkohoza mtu, yeye amekwisha rudi kwao na mkataba wake umekwisha zamani. Machimbo yale yalifungwa mwaka 1960. Kifua hakifungwi kwa amri ya kampuni.

Baada ya uhuru, Serikali mpya ilitangaza ya kuwa tiba katika hospitali zake si bidhaa. Mwaka 1977 ilitungwa sheria iliyokataza mtu binafsi kufanya hospitali kwa kutafuta faida. Mashirika ya dini na mengine yaliyokubaliwa ndiyo yaliyoruhusiwa. Sheria hiyo ilidumu mpaka ilipolegezwa mwaka 1991. Lakini hata katika miaka hiyo ya dawa ya bure, lile jambo la kale lilirudi kwa sura nyingine. Kuanzia mwaka 1973 watu wa nchi nzima waliamriwa kuishi katika vijiji. Walioishi mbali walisogezwa, na moja ya ahadi zilizotolewa ilikuwa zahanati, pamoja na shule na maji. Wazee wa Mpanda waliokumbuka makao ya malale hawakuhitaji kuelezwa maana yake. Wimbo ulikuwa ule ule, isipokuwa mwimbaji alikuwa mwananchi mwenzao.

Na katika misitu hiyo hiyo waliletwa wageni. Mwaka 1972 mauaji yalitokea Burundi, na watu kwa maelfu wakakimbia kuja kwetu. Wakapewa nchi huko Katumba, karibu na Mpanda, na mwaka 1978 wengine Mishamo. Wakafyeka pori kwa mikono yao, wakajengewa zahanati na shule, na baada ya miaka michache wakawa wakulima wanaolisha wengine. Lakini kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1965 hawakuweza kutoka makaoni pasipo kibali. Mwaka 2007 Serikali yetu ilifungua mlango wa uraia, jambo ambalo nchi chache duniani zimelifanya kwa wakimbizi wengi namna hiyo: watu zaidi ya 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikubaliwa. Na sharti lilikuwa nini? Wasikilizaji wamekwisha kulibahatisha. Waliambiwa watawanywe katika mikoa mingine, ndipo wapewe vyeti. Wale wa malale walikusanywa ili watibiwe. Hawa walitakiwa kutawanyika ili wawe wananchi. Jambo likakwama miaka kadhaa, mpaka sharti hilo likaachwa, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014 bila mtu kubomoa nyumba yake. Katika habari zote tulizozisimulia jioni hii, hii ndiyo mara moja ambayo twaona amri ya kuhama imerudishwa nyuma na haki ikatolewa hata hivyo. Twaisifu, ingawa ilichelewa.

Tumebakiwa na habari za siku zetu wenyewe. Mwaka 1993 Serikali ilianza kuwataka wagonjwa wachangie gharama katika hospitali zake. Waliosamehewa ni pamoja na wanawake wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Mwaka 2001 ikatungwa sheria ya mifuko ya afya ya jamii, baada ya kujaribiwa kwanza Igunga, katika Mkoa wa Tabora. Mwaka 2002 waganga wa tiba asili nao wakapata sheria yao na baraza lao la kuwaandika, hata mganga wa Kikonongo aliyeandikwa hafungwi tena na mpaka wa kabila lake. Na mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Zote hizi ni sheria ambazo hazimwambii mtu mahali pa kukaa, nasi twaliona hilo kuwa jambo jema sana. Zamwambia alete karatasi.

Mwaka mmoja tulikwenda upande wa ziwani kuwatazama wanafunzi wa chuo chetu wakifundisha. Tulimkuta mzee ameketi nje ya kituo kimoja cha tiba, ambacho hatutakitaja jina, mguu wake una kidonda kilichofungwa kwa kitambaa cha kanga. Tulimwamkia, tukamwuliza, Shikamoo baba, mbona umekaa juani? Akaitikia marahaba, akasema ameambiwa ya kuwa mzee asiyejiweza hutibiwa bure, lakini alete barua ya kuthibitisha kwamba hajiwezi. Barua hutolewa na ofisi ya kijiji. Kijiji chake ki mbali, naye alikuwa amekuja kwa mguu ule ule.

Tukamwuliza kama hakuna mtu wa kumtuma. Akacheka. Akasema ya kuwa babu yake aliambiwa ahamie karibu na dispensari ili atibiwe, akahama. Baba yake aliambiwa ahamie kijijini penye zahanati, akahama. Naye sasa amekwisha fika mlangoni kabisa, wamwambia arudi nyumbani.

Mmoja wa wanafunzi wetu alikuwa na baiskeli. Alikwenda kuifuata ile barua, akarudi nayo jua linapozama, ina mhuri. Mzee aliingizwa ndani, akasafishwa kidonda na kuchomwa sindano, wala hakutozwa kitu.